Chubwi zinatoka na makunyanzi, zina mashimo, zinanasa kwenye kalibu: shida iko wapi

Kwanza tuelewane kwenye neno, maana Kiswahili kimetupa jina moja kwa vitu viwili. Risasi ninayoongelea hapa ni ile madini, ya kijivu, nzito, laini, sio ya bastola. Ya bastola ina sheria yake ya mwaka 2015 na ina wenyewe, mimi simo. Mimi nasubu, yaani nayeyusha na kumwaga, chubwi za mshipi, vile vizito vya kuzamisha ndoana, za kuvulia changu na chewa huku nje ya Mbudya na Bongoyo, zamani nilikua najitengenezea mwenyewe tu, baadae majirani wa Kunduchi wakaanza kuniagiza, sasa ivi kila wiki kuna mtu anakuja na kachubwi kake mkononi anauliza mbona yangu imetoka hivi.

Vifaa vyangu ni vya kawaida kabisa: jiko la mkaa, chungu kizito cha chuma, upawa wa chuma wenye mpini mrefu, na kalibu, ile ya nusu mbili unayomwagia risasi ipate umbo la chubwi. Kalibu ninazo aina mbili, ya aluminiamu niliyokerezewa na fundi wa Gerezani, na za jipsam nilizojifinyangia mwenyewe kwa ile ile jipsam wanayopiga dari. Usitumie sufuria ya aluminiamu kuyeyushia, wengi wanatumia na wengi wataendelea kusema mbona mimi haijawahi kunitokea, ila aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 na mkaa uliopepewa vizuri unafika huko na kupita, alafu kumbuka umeweka kilo tano za risasi juu ya kitako chembamba. Kikitoboka hicho hakuna wa kukusaidia.

Nyingine niseme mapema: ukiona kasoro badilisha kitu kimoja kwanza. Watu wanaongeza moto, wanabadilisha kalibu, wanachanganya risasi nyingine, vyote kwa mpigo, ikitoka nzuri hawajui kilichoponya, ikitoka mbaya zaidi ndio wamepotea kabisa.

MAKUNYANZI

Hii ndio nambari moja. Chubwi inatoka na mistari mistari kama uso wa mtu aliyelalia mkeka, au inaonekana kama matone yameganda yakabebana. Asilimia kubwa ya wanaokuja kwangu wanayo hii na wote wanasema risasi ilikua mbovu. Hapana bwana, kalibu ilikua ya baridi. Risasi inayeyuka nyuzi 327 na ushee, ukiimwaga kwenye chuma cha baridi ile inayogusa ukuta inaganda papo hapo kabla ya wenzake hawajafika, wenzake wakija wanakuta ukuta umeshajengwa wanapita juu yake, ndio mistari hiyo.

Dawa ni kupasha kalibu. Mimi naiweka ubavuni mwa jiko wakati risasi inayeyuka, sio juu ya moto moja kwa moja, ubavuni, inapata joto taratibu. Hata hivo zile nne tano za mwanzo zitatoka na makunyanzi tu, usihangaike nazo, hizo ni za kupashia, rudisha chunguni. Ukishaanza kumwaga usisimame. Ukisimama kupokea simu dakika kumi unaanza upya.

Alafu kuna kitu kilinichukua muda mrefu kukijua, upepo. Miezi ya kusi pale uani kwetu upepo unapiga kutoka baharini jioni nzima, nikawa nashangaa mbona asubuhi chubwi ni safi jioni zina makunyanzi, risasi ile ile, mkaa ule ule. Kumbe kalibu ilikua inapoa kila nikiifungua. Nikaweka bati la kukinga upepo, yakaisha. Lakini kukinga upepo sio kujifungia ndani, hilo ntalirudia chini.

Kama kalibu ni ya moto na makunyanzi bado yapo angalia mafuta. Kalibu mpya kutoka kwa fundi wa kukereza inakuja na mafuta ya mashine, au wewe mwenyewe umeipaka mafuta ukidhani unasaidia isinase. Mafuta yanachemka yanatoa moshi, moshi unaisukuma risasi isikae. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, sugua na mswaki wa zamani, kausha, pasha.

La tatu ni risasi yenyewe kutofika moto. Dalili yake risasi inaganda kwenye midomo ya upawa. Ukiona upawa unaota ndevu jua bado, au upawa wenyewe ulikua wa baridi, uache ukae ndani ya chungu kwanza.

HAIJAI, INATOKA NA KONA ZILIZOKATIKA

Ni ndugu wa makunyanzi, ila hapa mara nyingi ni hewa. Risasi inaingia, hewa haina pa kutokea, inabaki kwenye kona ya chini. Chukua kipande cha msumeno wa chuma ukwaruze vinjia vyembamba kwenye uso wa kalibu, pale nusu mbili zinapokutana, kuanzia kwenye kona hiyo mpaka nje. Vyembamba kama unywele, nimesema unywele, mtu mmoja alichimba mfereji risasi ikatoka nje kama bomba la Dawasa limepasuka. Na mlango wa kumwagia kama ni mdogo kama tundu la penseli uongeze, mwaga kwa mkondo mmoja usiokatika.

SHIMO JUU, AU NDANI NI POVU

Unafungua kalibu, chubwi nzuri, ila pale juu ulipomwagia kuna shimo limedidimia. Au kwa nje haina tatizo, ukiikata katikati unakuta tundu. Hii sio uchafu, risasi ikiganda inanywea, inapungua ujazo kama asilimia tatu na nusu hivi, na inaanza kuganda kwa nje kuja ndani, kwahiyo katikati inabaki na njaa, inavuta kutoka juu, juu kama hakuna akiba panadidimia.

Akiba ndio jibu. Mlango wa kalibu uchongwe kama faneli, upana juu, na ukimwaga usiishie kwenye usawa wa shingo, jaza faneli yote ibaki na kichwa. Wakati chubwi inaganda itakunywa kutoka kwenye hicho kichwa, wewe ukiona kinazama ongeza tone. Kichwa unakikata baadae kwa koleo, kinarudi chunguni, hujapoteza kitu. Kwa chubwi ndogo za gramu 50 hutaona tofauti sana ila zile za gramu 300 za kipindi cha bamvua, maji yanapokimbia mpaka chubwi ya kawaida haikai chini, hizo bila kichwa huwezi.

Lakini kama mashimo ni madogo madogo yametapakaa kama mwili wenye tetekuwanga, hayo sio kunywea. Hayo ni mvuke. Na hapa tukae kidogo.

MAJI

Maji yakigeuka mvuke yanatanuka kama mara 1,700. Kijiko cha chai cha maji kikizama chini ya risasi iliyoyeyuka kinataka nafasi ya zaidi ya ndoo ndogo ya lita nane kwa mkupuo, na nafasi anaitafuta kwa kurusha risasi juu. Mimi nilishuhudia kwangu. Ilikua masika, chubwi za zamani nilikua nimeziweka kwenye kopo nje, zikanyeshewa, nikachukua moja ina tundu katikati nikaitumbukiza kwenye chungu kilichokua tayari kimeyeyuka. Kwa macho ilikua kavu. Ndani ya tundu kulikua na maji ya mvua. Chungu kiliruka kama mtu amepiga fataki, matone ya risasi yakanasa kwenye bati la paa na mpaka leo yapo, na moja lilinikaa kwenye shingo. Nilikua nimevaa miwani, ningekua sina ningekua naandika haya kwa jicho moja.

Kwahiyo dalili ya "inapiga pwaa pwaa" ina chanzo kimoja tu, unyevu, tafuta umetokea wapi. Kwenye vyuma unavyoongeza: weka vyote kwenye chungu kikiwa baridi ndio uwashe jiko, vipashwe pamoja, ukitaka kuongeza katikati vianike kwanza pembeni ya moto mpaka huwezi kuvishika. Kwenye upawa ulioulaza chini kwenye mchanga. Kwenye jasho la kidevu chako, hili watu wanacheka ila Dar mwezi wa pili mchana mbele ya jiko la mkaa jasho linadondoka kweli, funga kitambaa kichwani.

Na kwenye kalibu. Kuna wanaochimba shimo kwenye mchanga wa pwani wanamwaga hapo hapo, mchanga wa pwani juu mkavu chini ni mbichi, tena una chumvi inayonyonya unyevu, mimi siufagilii kabisa. Saruji nayo inakaa na maji ndani miezi. Jipsam ndio mjanja kuliko wote kwasababu unaikausha juani wiki nzima, inagonga ko ko ko, unaamini imekauka, ukimwaga bado inachemka, maana maji mengine yamefungwa ndani ya jipsam yenyewe, ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wake, jua haliyatoi, yanatoka kwa moto. Zangu nazichoma taratibu kwenye oveni ya mkaa, ile bati juu moto chini moto, masaa mawili matatu, moto mdogo. Ukiwasha mkubwa inapasuka. Na hata ikichomwa vizuri inakua laini, inakupa chubwi ishirini thelathini kisha inaanza kubomoka kona. Kwa kazi ya kudumu tafuta aluminiamu.

Nguo: suruali ndefu ya pamba, viatu vya kufunika, sio kandambili, sio bukta ya michezo ile ya nailoni, ile ikiguswa na risasi inayeyuka na kunasa kwenye ngozi.

INATOKA NA UKUNGU MWEUPE KAMA BARAFU YA FRIJI

Haina tatizo. Moto umezidi kidogo, kalibu imekua ya moto sana, basi. Kwa chubwi samaki hajali. Ila ukiona ukungu huo na ukijaribu kuitoa inakatika kama biskuti, umeitoa mapema, nje imeganda ndani bado uji. Subiri. Kwenye kalibu yangu ya gramu 150 nahesabu mpaka ishirini ndio nafungua, yako hesabu yake itakua nyingine, angalia kichwa kikishapoteza mng'ao ongeza kidogo hapo.

Joto la chungu unalijuaje bila kipimo? Futa utando wa juu na kijiko, tazama sura ya chini yake. Ikibaki inang'aa kama kioo sekunde kadhaa ndio kufifia, uko sawa. Ikigeuka haraka njano kisha zambarau na bluu kama mafuta juu ya dimbwi la lami, punguza mkaa. Kuna vile vipimo vya bastola unavyoelekeza kwa mbali, kwenye risasi inayong'aa vinadanganya vibaya, vinasoma chini. Cha waya wa kuzamisha ndio cha kuamini, na ukikaa kati ya 370 na 420 hivi maisha yanaenda.

INANASA

Umefungua kalibu chubwi imegoma. Usichokonoe na bisibisi, bisibisi inaacha kovu kwenye aluminiamu na kila chubwi itakayofuata itanasa kwenye kovu hilo hilo, unakua umejitengenezea ugonjwa wa kudumu. Gonga bawaba ya kalibu kwa kipande cha mti, mti, sio nyundo. Ikitoka tazama ndani kuna ukingo umekunjika? Upake msasa laini kidole kimoja. Kama ndani pako safi tu basi hukupaka masizi. Washa kibatari au mshumaa, pitisha uso wa kalibu juu ya ulimi wa moto mpaka upate weusi mwembamba, rudia kila baada ya kumwaga mara nyingi kidogo. Masizi ni bure na hayana mvuke.

Mwingine alikuja na kalibu aliyochonga kwenye mbao ya mninga, nzuri kweli, ila tumbo la chubwi lilikua pana kuliko mdomo kwa pande zote za nusu. Hiyo haitoki hata upake nini, umbo lazima liwe linapanuka kuelekea pale nusu zinapoachana.

MABAWA PEMBENI

Nusu hazijafungana. Tafuta tone la risasi lililoganda kwenye uso, hata dogo kama kichwa cha pini linaziachanisha. Kama hakuna, ongeza klempu. Kama bado, punguza moto. Mabawa madogo kata na kisu tu, yachunge vipande visibaki chini uani, kuku wanavidonoa.

UJI JUU YA CHUNGU

Sasa hii ndio inayoleta ugomvi na wauza skrepa. Risasi imeyeyuka, unaona juu kuna kitu kama uji wa dona, unaukoroga unarudi, unautoa unarudi, ukimwaga chubwi zinatoka na mabonde na hazijai kona.

Kuna uji wa aina mbili. Wa kwanza ni kutu ya kawaida ya risasi pamoja na vumbi, grisi, rangi. Huo unatoka kwa kuusafisha: tupia kipande cha mshumaa kama ukucha au kiganja kimoja cha maranda makavu ya fundi seremala, itawaka, iache iwake, koroga ukikwangua chini na pembeni, kisha enguwa yale majivu meusi. Chini unakuta risasi inacheka. Ukifanya hivyo mara mbili na uji ukaisha, yameisha.

Wa pili hauishi, na huo ni zinki. Umeingiaje? Kupitia vile vyuma vya balansi ya tairi. Sisi wengi risasi yetu inatoka kwa mafundi tairi, unaenda na ndoo unachukua vilivyobanduliwa. Zamani vilikua risasi tupu ila nchi za Ulaya zilishakataza za risasi kwenye magari madogo, na magari yetu yanatoka kila upande wa dunia, kwahiyo ndoo moja ina risasi, zinki na chuma vimechanganyika. Chuma hakina shida, ni chepesi kuliko risasi, kinaelea, unaengua. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 419 na nusu. Ukiwa chini ya hapo inaelea ikiwa nzima na unaiopoa. Ukishapitisha imeingia na haitoki. Kwa hiyo anayeyeyusha ndoo ya balansi kwa moto wa kupepea na feni ya jiko anajitafutia.

Chambua kabla. Vingi vimeandikwa kidogo sana pembeni, Pb ni risasi, Zn zinki, Fe chuma. Visivyoandikwa bana na koleo la kukatia: risasi inaingia kama unakata muhogo mbichi, zinki meno yanateleza. Dondosha kwenye sakafu, risasi inatoa sauti ya pu, zinki inalia kama shilingi. Na moto uende taratibu, kila kitakachobaki kinaelea wakati chenzake vimeyeyuka kitoe na usikionee huruma.

Ikishaingia tayari mimi sihangaiki kuitoa. Naitenga, namwaga vipande vya mstatili vya kufungia nanga ya mtumbwi, huko sura sio hoja.

Chanzo kingine cha zinki ni ndoo ya bati na waya wa mabati, zile zimepakwa zinki. Usiyeyushie humo.

Na betri za gari. Najua bei yake ni ndogo na najua zinapatikana. Usiguse. Kwanza ndani ya betri sehemu kubwa sio risasi ya kuyeyuka, ni unga, unapata uji mwingi na chubwi chache. Pili asidi, na tatu ule unga na moshi wake ndio sumu yenyewe. Thiaroye-sur-Mer kule Dakar watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwenye mtaa ambao watu walikua wanachambua udongo wenye mabaki ya betri. Na hapa jirani Mombasa, Owino Uhuru, mtaa mzima uliingiwa na sumu ya kiwanda cha kuyeyushia betri mpaka mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3.

CHUBWI NI NYEPESI KULIKO KALIBU INAVYOSEMA

Pima kwenye mizani ya jikoni, ila sio ya mama, nunua yako. Risasi safi sentimita moja ya ujazo ni gramu 11.3, zinki ni gramu 7.1. Kalibu ya gramu 200 ikitoa 196 au 197 ni balansi ya kawaida, ina antimoni kidogo ya kuipa ugumu. Ikitoa 180, kata katikati: ukikuta tundu rudi kwenye habari ya kichwa, usipokuta tundu una zinki.

Kinyume chake kuna wanaolalamika vile virisasi vidogo vya kubana kwenye uzi vinapasuka vikibanwa. Hapo umetumia balansi za kubana kwenye rimu, ni ngumu. Tafuta laini, mfano zile balansi za kubandika na gundi, au bomba na mashiti ya zamani, ukikwaruza na ukucha inaacha alama. Ala za kebo za chini ya ardhi pia ni laini sana, lakini mtu akikuletea usiku kilo arobaini za kebo muulize mwenyewe yuko wapi.

Na tafadhali, vya kubana tumia koleo. Wazee wetu wanabana na meno, nimewaona maisha yangu yote, mtu ana kumi mdomoni anafunga ndoana huku anapiga stori. Unakula risasi hiyo mzee.

KITANZI KINACHOMOKA

Umepigwa na kolekole, unavuta, chubwi inabaki chini na waya unakuja mkononi mtupu. Waya uliingia umenyooka. Ukunje mkia kama herufi S au uuzungushe, ukae ndani zaidi ya nusu ya chubwi. Upashe kidogo kabla, waya wa baridi unafanya risasi iliyouzunguka igande vibaya na kuacha nafasi, wenye kutu unaleta mapovu. Shaba au stenlesi inadumu, waya wa kufungia nondo unakula kutu ukakatika ndani ya miezi miwili ya chumvi.

Kwa zile za tundu la katikati unaweka msumari kwenye kalibu, upake masizi au usugue na penseli, uuzungushe na kuutoa wakati chubwi bado ni ya moto maana ikipoa inaubana. Ukiona uzi unakatika kila mara karibu na chubwi na unalaumu mwamba, pitisha kidole kwenye mdomo wa tundu. Kuna ukingo mkali kama wembe. Zungusha kwa mkono kekee nene kuliko tundu mara mbili tatu kila upande, mdomo uwe kama faneli. Dakika moja.

KAMA DALILI ZA SUMU YA RISASI ZIKO KWAKO

Tumbo linakata bila sababu, choo kigumu, kichwa, uchovu, ladha ya shaba mdomoni. Usijitibu malaria mara tatu. Nenda hospitali waambie unafanya kazi na risasi, uliza kipimo cha damu. Kwa watoto hakuna kiwango ambacho ni salama, inawaathiri akili kabla hujaona dalili yoyote, ndio maana jiko langu liko nje mbali na mlango, watoto na mama mjamzito hawasogei, na chungu kile hakipikiwi kitu kingine milele. Watu wanaogopa moshi wakati kwa moto wa kiasi kinachokuumiza zaidi ni lile vumbi la utando unaoengua, linakaa kwenye vidole, vidole vinashika chapati. Nalimwaga kwenye kopo lenye mfuniko, silifagii likiwa kavu, nanawa kwa sabuni, nguo za kazi zinafuliwa peke yake. Chubwi zilizoota unga mweupe kwenye kopo lenye unyevu nao ni sumu hiyo hiyo, usipulize kwa mdomo.

Zilizoharibika zote, za makunyanzi, za mashimo, zenye waya, zirudishe kwenye chungu kikiwa baridi kabla ya kuwasha mkaa wa siku inayofuata. Waya wa chuma utaelea wenyewe juu, uopoe na kijiko, unyooshe, kama haujala kutu unatumika tena.